Dirisha la Nyumba ya Ushuru

Nyumba ya ushuru ilikuwa kando ya barabara ya Kapsoit: mawe ya kuchongwa kwa mkono, kuta nene, bati jekundu, na mvua ya mawe ikinyesha hatusikizani. Niliajiriwa ukarani humo mwanzoni mwa miaka ya tisini, kukata risiti za viazi, mahindi na ng'ombe. Kila mgeni alisema wazungu walijua kujenga. Mimi niliichukia kwa sababu ya dirisha lake.

Dirisha la kulipia lilikuwa chini, usawa wa kiuno. Karani alikaa, mlipaji aliinama mpaka kichwa kiingie, ndipo asikike. Jiwe la chini lilikuwa limelainishwa na viwiko vya watu waliokufa zamani.

Baba hakukanyaga pale. Utotoni alimfuata babu kuomba kibali cha kupitisha mahindi, akamwona babu, mtu mrefu aliyeheshimiwa kijiji kizima, akiambiwa na askari, "Inama!" Akainama. Nilipopata kazi hiyo, baba hakunipongeza.

"Mimi nainamia majani chai peke yake," alisema. "Ukuta siinamii."

Maneno hayo yaliniuma. Nilitaka aje siku moja tu, asimame wima kama alivyo, anione mezani kwangu.

Nikawaandikia wakubwa kwamba mvua inalowesha vitabu vya risiti. Ulikuwa uongo mtupu, lakini baada ya barua nyingi walimtuma fundi, Mkikuyu aliyekaa mjini siku nyingi. Alivunja ukuta ule akiulaani jiwe kwa jiwe. Aliponiuliza dirisha lifike wapi, nilitoka nje nikainua mkono juu ya kichwa changu. Urefu wa baba ulikuwa unafika hapo.

"Huyo ni mtu ama ni posti ya stima?" fundi akacheka.

Nikatafutiwa stuli ndefu, miguu ikawa inaning'inia siku nzima. Baba hakuja. Mwaka ukapita, kisha miaka mingine. Nilikuwa nikienda nyumbani Jumapili moja moja, namkuta ameketi motoni, na mtu aliyeketi humpimi urefu.

Kisha asubuhi moja ya baridi nikasikia sauti yake nje. "Msichana yangu, uko?"

Nilitazama dirishani nikaona ukungu na ncha ya kofia. Nikajiinua kwenye stuli, nikachungulia chini. Baba alikuwa ameshikilia ukuta, mgongo umepinda kwa miaka ya kubeba kikapu cha majani, anajaribu kuinua shingo na shingo inakataa.

"Niliambiwa siku hizi watu hawainami hapa," alisema. "Nikasema wacha nikuje nione. Lakini ni nani aliweka dirisha huko juu? Mtu mzee atakuona aje?"



"Ni serikali, baba," nikasema.

Akatikisa kofia ile polepole. "Hawa watu hawajabadilika."