Vali ya Oksijeni

Nilipojifunza kuzamia kwa mtungi wa kawaida nilizoea kusikia mapovu yangu. Kila nikitoa pumzi yananibubujikia masikioni, nami najua ningali hai. Kisha nikahamia kwenye mtambo wa kuzungusha pumzi, mapovu yakakoma. Kimya kile cha chini ya maji kilinitisha kuliko papa.

Mwalimu wangu, Mshambaa wa makamo aliyeteremka milimani akiwa kijana akalowea Tanga, alinieleza mara nyingi. Pumzi unayotoa haipotei. Inapita kwenye chokaa inayofyonza hewa chafu, inaingia kwenye mfuko ulioko kifuani, kisha unaivuta tena. Ila mwili unakula oksijeni, na ukishuka maji yanauminya ule mfuko. Ndiyo maana kuna vali mbili za kuongezea. Ya kulia huingiza oksijeni ukibonyeza kitufe chake. Ya kushoto huingiza hewa ya mchanganyiko, nayo hujifungua yenyewe mfuko ukinywea.

"Na ya kulia ikikwama wazi?" nilimuuliza.

"Mfuko utajaa, utaanza kupaa, na namba za oksijeni kwenye kioo cha mkononi zitapanda. Oksijeni ikizidi kilindini ni sumu, dada. Degedege halipigi hodi."

Neno hilo nililala nalo na kuamka nalo.

Asubuhi moja tulitokea Kigombe, nyumbani kwa mama. Watafiti walitutuma tufunge kamera kwenye mteremko wa mwamba, kumtafuta silikanti, yule samaki wa kale. Mama alinitazama nikijaribu vali, nikibonyeza na kusikiliza, nikibonyeza tena.

"Baba yako alizamia pweza kwa pumzi zake mwenyewe," alisema. "Hizi zako za kuazima sizielewi."

Tukazama. Mwanzoni kila kitu kilikwenda sawa. Mfuko uliponywea vali ya kushoto ilikohoa kidogo, ukajaa. Tulipofika kwenye mteremko nilibonyeza kitufe cha kulia mara moja, kifupi, kama nilivyofundishwa. Nikakiachia. Sauti haikukoma.

Ilikuwa ndogo, kama maji yanayochuruzika kwenye bomba bovu. Nilidhani ni hofu yangu tu. Kisha mfuko ukanisukuma kifuani, miguu ikaacha mwamba, na namba kwenye kioo zikaanza kupanda. Nikatikisa kiganja kumwonyesha mwalimu kwamba kuna shida, nikagusa vali.

Alinifikia upesi, akanishika ukanda nisipae, mkono wake mwingine ukafunga mtungi wa oksijeni nyongani mwangu. Mimi nikaziba kinywa cha mtambo, nikakitoa mdomoni, nikavuta pumzi kutoka mtungi wa akiba. Mapovu! Sijawahi kufurahia kelele kiasi kile. Hata hivyo moyo haukutulia. Tulipanda polepole, maana kupanda haraka nako huumiza, tukisimama kila mwalimu alipoinua ngumi, nami muda wote nikingoja midomo ianze kunicheza, dalili ya ile sumu.

Haikucheza.

Kwenye mashua mwalimu aliifungua vali. Chembe ya chumvi iliyoganda ilikuwa imekaa chini ya kijiti kinachoziba tundu, ikakizuia kurudi. Aliibandua kwa ncha ya ukucha.

"Jana tuliisuuza pamoja," alisema taratibu. Hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye aliogopa.

Pwani nilimwamkia mama.

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Kifaa kimesumbua kidogo, mama."

"Kidogo, na kamera mmerudi nayo?"

Nikamweleza yote, hadi chembe ya chumvi. Nilitarajia aniambie niache kazi. Alipangusa mchanga miguuni kwa ncha ya kanga.

"Mnarudi lini huko?"

"Mwalimu akishabadilisha vali."

"Basi na mimi nitakuwemo mashuani. Kungoja hapa siwezi tena."

Mama yangu, aliyezaliwa hatua chache kutoka baharini, alikuwa hapandi chombo kwa sababu kichefuchefu humwangusha. Tuliporudi baharini alipanda, akaushika ukingo wa mashua kwa mikono miwili. Nilibonyeza vali mpya mbele yake, ikalia, nikaachia, ikanyamaza.

"Tena," akasema.

Nikarudia mpaka akaridhika. Kisha nikazama na hofu yangu ile ile, na kamera tukaifunga. Nahodha aliniambia baadaye kwamba alimsihi mama arudi pwani na ngalawa iliyokuwa ikipita, maana alitapika tangu tulipozama. Mama alikataa katakata.