Concessa Aliandika Watu Wanne

Concessa hakuwa mtu wa kuomba. Alitoka Bujumbura na watoto wawili wadogo, akapita kambi ya wakimbizi kule Kigoma, akafika Stockholm, na kwa miaka saba akapika katika nyumba ya wazee bila kumwomba mtu hata chumvi. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka 2010, zamu zake zilipokatwa nusu na mshahara ukawa hautoshi pango, mimi ndiye niliyemwambia aombe msaada wa manispaa, ule wa kuwasaidia wenye kipato kidogo kulipia nyumba na chakula. Akaninunia wiki nzima. Tunasali kanisa moja, na Jumapili ile alikaa benchi la mbele makusudi nione kisogo chake.

Hatimaye fomu akaichukua. Tuliijaza jikoni kwake, mtaa wa Rågsved, na mambo yakaenda vizuri mpaka palipoulizwa ni watu wangapi wanaishi ndani ya nyumba hiyo.

"Mamma, skriv tre," alisema Mélissa, bintiye wa miaka kumi na mitano. Yaani andika watatu: mama, yeye, na mdogo wake Roméo.

Concessa akaandika wanne.

Wa nne alikuwa Agripina, Mhaya wa Bukoba, mama wa miaka hamsini na minane aliyekuja Uswidi mwaka 1982 kusomea uuguzi na hakurudi tena. Aliwainua na kuwageuza wagonjwa wa nchi hii mpaka mgongo ukamshinda. Mwaka mpya sheria mpya ikamkatia malipo ya ugonjwa, na mwenye chumba alichopanga mtaa wa Hjulsta akakitaka chumba chake. Akafika kwa Concessa na sanduku moja, kwa siku mbili tatu tu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu hakusubiri kupewa. Siku ya pili tu alishamsuka Mélissa na kumkalisha Roméo kwenye hesabu zake, na mwezi Machi bado alikuwa analala kwenye kochi la sebuleni.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, kurasa tatu. Kwa kuwa nyumbani kulikuwa na mtu mzima mwingine, robo ya pango ilikuwa juu ya huyo mtu mzima, na manispaa haitailipa. Concessa amdai yeye. Amdai Agripina, ambaye wakati ule hakuwa na mbele wala nyuma! Robo ile ikabaki inaning'inia, na kampuni ya nyumba ikaleta barua ya onyo: asipomaliza deni, atanyang'anywa mkataba wa nyumba.

Concessa akapiga simu. Msichana aliyeshika faili lake alikuwa na sauti ya upole. Kama huyo mama ni mgeni wa kupita tu, alisema, andika hivyo, weka saini, tutakurudishia robo yako.

"Saini," nilimwambia. "Ni mstari mmoja."

"Stellah, weye unajua kambini walivyokuwa wanatuhesabu?" Alikuwa amesimama, mwiko mkononi. "Mama mmoja alitulaza kibandani kwake. Siku ya kuhesabiwa akawaambia mimi ni mpita njia tu. Mwezi mzima sikuwa na kadi ya mgao, mimi na watoto wangu. Tulikuwepo, tunakohoa palepale, lakini hatupo. Na mimi nimfanyie mtu hivyo? Sitaandika. Kabisa!"

Nilimwona mjinga siku ile, na nilimwambia. Nakiri pia kwamba nilikwenda nyumbani nikashindwa kula.

Wakati tunabishana, Agripina alikuwa sebuleni na mlango ulikuwa wazi; alisikia yote. Siku mbili baadaye nilipofika nilimkuta amevaa koti, sanduku limefungwa, na Concessa amejiegemeza mlango wa kutokea kwa mgongo wake wote.

"Nipishe, mdogo wangu. Utafukuzwa wewe na watoto wako kwa ajili yangu."

"Unaenda wapi?"

"Mungu anajua."

"Basi na mimi nataka kujua!"

Sikujua nimshike nani. Barua ya manispaa ilikuwa juu ya meza, nikaichukua ili nipate cha kufanya, nikaisoma kwa sauti mpaka ukurasa wa tatu, ambao mimi na Concessa hatukuwa tumeufikia kwa sababu hasira zilitukwamisha kwenye wa kwanza. Pale chini kabisa paliandikwa kwamba mtu mzima huyo, kama hana kipato, anaweza kuomba msaada kwa jina lake mwenyewe, pamoja na sehemu yake ya pango.

Concessa akamgeukia Agripina. Kiswidi cha Agripina kilikuwa bora kuliko chetu sote, na barua ile aliisoma siku ileile ilipofika.

"Dada Agripina. Ulijua?"

Agripina akatazama viatu vyake. "Nilijua. Lakini mimi nikasimame foleni pale? Nimewavua watu hawa nguo, nimewaosha, nimewafumba macho walipokufa. Leo niende kuwaombaomba?"

Sijawahi kumsikia Concessa akimpandishia sauti aliyemzidi umri. Siku hiyo nilimsikia.

"Miye nilikwenda! Unadhani mimi sina aibu? Nilimeza aibu kwa ajili ya watoto, na jina lako nikaliandika na kalamu yangu, sikulifuta, na mkataba wangu niko tayari kuupoteza. Weye unalifuta mwenyewe! Kila krona uliyopata, manispaa na mkoa walichukua yao theluthi nzima, miaka ishirini na nane. Hiyo si sadaka, dada. Ni chenji yako!"

Agripina akaketi juu ya sanduku, na koti lake, akalia. Concessa naye akalia, lakini mlangoni hakutoka.

Asubuhi yake tulikwenda manispaa wote watatu. Agripina alivaa gauni lake la Pasaka na kupaka rangi ya midomo, akasimama foleni wima kama hana mgongo mbovu. Dirishani alikuwa yule msichana wa sauti ya upole.

"Aha," alisema, "wewe ndiye yule mgeni wa Concessa."

"Mimi si mgeni," alisema Agripina. Akataja namba yake ya utambulisho, tarakimu moja baada ya nyingine, kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa foleni. Watu wakanyanyua vichwa. "Andika, binti. Nimelipa kodi ya mji huu kabla wewe hujazaliwa. Andika naishi Rågsved, kwa Concessa, na sihami."

Msichana akamtazama, akavuta kibodi, akaanza kuandika.