Kiti cha Delbert

Nimekasirika, na nalisema mapema ili asitokee mtu wa kunitaka niwe muungwana katikati ya habari hii. Kazi yangu katika Ukumbi wa Mtaa wa Nane, hapa mjini Erie, Pennsylvania, ni kuomba vitu. Mchezo ukihitaji meza, taa ya ukutani au redio ya kizamani, mimi ndiye ninayepita nyumba kwa nyumba kuazima, kwa sababu ukumbi wetu haununui kitu ambacho jirani anacho. Mwenye kitu anashukuriwa kwa jina kwenye karatasi ya mchezo, na mchezo ukiisha namrudishia mali yake ikiwa imefutwa vumbi. Ndivyo tulivyozoea tangu zamani.

Verna Hasek hajawahi kuninyima kitu. Alikuwa dereva wa basi la shule mpaka alipostaafu, na jioni alikuwa mwigizaji wetu. Amekuwa muuguzi, malkia, shangazi mkorofi, na safari moja maiti, na hata maiti ile watu waliizungumzia sokoni. Kipaza sauti hakihitaji. Mtu aliyenyamazisha basi zima la watoto bila kugeuza kichwa hashindwi kufikisha neno mstari wa nyuma.

Mume wake, Delbert, alifia kwenye kiwanda cha akina Brandtner. Mnyororo wa kreni ulikatika na chuma kikamwangukia, na mafundi walikuwa wameshasema kwamba mnyororo ule umechoka. Wenye kiwanda walituma shada la maua, na kila Krismasi wakawa wanatuma paja la nguruwe. Kila Krismasi Verna alilirudisha getini kwao, amelishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Kiwanda kilifungwa zamani, lakini pesa za Brandtner hazikufungwa. Siku hizi jina lao liko juu ya mlango wa ukumbi wetu, kwa herufi za shaba.

Mwaka jana bodi ya ukumbi ikapata ufadhili, ikamleta mwongozaji kutoka New York, Corwin Leach, atutengenezee mchezo wa jamii, yaani uliotokana na maisha ya watu wa hapa. Neno hilo jamii lilikuwa halimtoki mdomoni. Alikaa jikoni kwa Verna na kinasa sauti chake, akala mikate yake midogo ya soseji ya pepperoni mpaka sahani ikabaki nyeupe, akasikiliza habari yote ya Delbert, akalia. Mimi nilikuwepo, nilikwenda kuangalia vyombo vya kuazima. Mwishoni akamuuliza Verna kama amewasamehe wale watu.

"Sijawasamehe," Verna akamjibu, "na usingizi napata vizuri tu."

Ikaja siku ya kuchagua waigizaji. Verna akaenda kuomba nafasi ya Verna. Nani mwingine angeiomba? Akasimama jukwaani akasema maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe, na Corwin akamsikiliza amefumba macho.

"Vizuri sana, Bi Verna," akasema. "Ila bado sijakuamini."

"Hujaniamini nini?"

"Kwamba wewe ndiye huyu mwanamke."

Naapa sijaongeza hata neno. Mtu amekula kwako, amekunywa kahawa yako, ameondoka na maisha yako kwenye kinasa sauti, halafu anakwambia hufanani nayo. Nafasi akapewa Odile Farrand, mwigizaji wa kulipwa kutoka Chicago. Verna wakampa kazi ya kusimama mlangoni na kugawa karatasi za mchezo. Bodi ilikaa pale, watu wazima wanaomjua tangu wakiwa watoto kwenye basi lake, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo.

"Shoga, nimeshindwa kuwa mimi," aliniambia tulipofika garini, akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Na bado alitupa kiti. Corwin alitaka jiko la jukwaani lifanane na lile aliloliona, kwa hiyo nikaenda kuomba. Kiti chenyewe ni cha chuma, kikalio chekundu kimepasuka, na mguu mmoja ni mbovu. Delbert alikuwa akikiegemeza ukutani ili kisimwangushe, akakikalia kila alfajiri kuvaa viatu vya kazi. Tangu afe hakuna aliyekikalia, hata paka hufukuzwa.

"Kichukue," Verna akasema. "Kama mimi sipandi jukwaani, basi kiti na kipande."

Usiku wa ufunguzi akina Brandtner walikaa mstari wa mbele, wamependeza. Odile aliigiza vizuri, sitamnyima haki yake. Alitembea kama Verna, alikohoa kama Verna, alinifanya nimkumbuke Delbert. Kisha ikaja sehemu ya mwisho, ambayo Corwin alikuwa akiifanyia mazoezi milango imefungwa. Odile akakivuta kiti, akakikalia, akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Nimewasamehe," akasema. "Sasa naweza kulala."

Taa zikazimika. Watu wakasimama wakapiga makofi, na mama Brandtner akawa anajipangusa macho. Nikageuka kumtazama Verna pale mlangoni. Alikuwa amezikunja karatasi zilizobaki mkononi mpaka zikawa kama rungu. Walikuwa wamempokonya neno moja alilojiwekea maisha yake yote, wakawapa wale waliomuua mumewe, na wakamsimamisha mlangoni ashuhudie.

Kwetu, usiku wa kwanza, mchezo ukiisha waigizaji na mwongozaji hurudi jukwaani wakakaa, na yeyote aliyemo ndani ana ruhusa ya kuuliza swali. Mama Brandtner akawa wa kwanza. Aliuliza mwisho mzuri kama ule waliupataje.

"Sisi tulisikiliza tu," Corwin akasema. "Mwisho huu ni zawadi ya jamii."

"Jamii ipi?"

Sauti ilitoka nyuma kabisa, na ukumbi mzima ukageuka.

"Bi Verna," Corwin akasema akitabasamu, "ngoja tuwape nafasi wageni kwanza."

"Mimi ndiye unayenisema hapo, nitangojaje? Mimi sikusamehe mtu. Umelitoa wapi hilo?"

"Sanaa inatafuta uponyaji. Wakati mwingine tunasema kile ambacho moyo—"

"Moyo wangu haukukutuma, mwanangu."

Watu wakaguna. Mwenyekiti wa bodi akainuka, akamshukuru Verna kwa mchango wake wa miaka mingi, akauliza kama kuna swali lingine. Ndiyo hiyo shukrani yetu, unafungwa nayo mdomo. Hapo Odile akainua mkono, kama mwanafunzi, akiwa bado amekalia kile kiti.

"Mimi ninalo," akasema. "Mama, wewe ulisema nini hasa? Mimi nilipewa karatasi tu."

Verna alikuwa ameshaanza kushuka ngazi za katikati. "Nilisema sijawasamehe, na usingizi napata vizuri tu." Hakupaza sauti, na hakuna aliyekosa kusikia. Akapanda jukwaani. "Sasa naomba uinuke, binti. Hicho ni cha mume wangu."

Odile akainuka mara moja. Verna akakitwaa kiti, akakipitisha mbele ya akina Brandtner miguu ikiwa juu, akatoka nacho kwenye theluji. Mimi nikamfungulia mlango wa gari.

Kesho yake Corwin akanijia juu. Onyesho la pili lilikuwa jioni ile, na jiko la jukwaani halina kiti.

"Tafuta kingine," akasema. "Kiti ni kiti tu."

"Nimeomba, hakuna anayetoa," nikamwambia. Sikuwa nimeomba popote, na wala sijutii.

Jioni Odile akafika sehemu ya mwisho. Akashika kikombe, akageukia pale kiti kilipokuwa, pakiwa patupu. Nikamsikia Corwin pembeni akimkumbusha neno kwa mnong'ono, nimewasamehe, nimewasamehe. Odile akaweka kikombe chini, akatazama watu.

"Sijawasamehe," akasema amesimama, "na usingizi napata vizuri tu."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi upesi. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwa Brandtner akavua kofia, kisha wengine nyuma yake wakaanza kuinuka. Corwin alikuwa ameshatoka nje kumpigia simu mwenyekiti.

Asubuhi nilikwenda kwa Verna nikamweleza yote. Kiti kilikuwa mahali pake, kimeegemea ukuta. Alinisikiliza akiwa anakaanga mayai, amenipa mgongo.

"Alilisema kwa sauti?" akauliza.

"Mpaka mlangoni alisikika."

Akazima jiko. Akakipangusa kikalio kwa aproni yake, mara mbili, akakisogeza kiti kwangu.

"Basi mpelekee yule binti akae," akasema. "Na umwambie mguu wa kushoto ni mbovu, aegemee ukuta."