Pua ya Valens

Mume wangu Valens ana kiburi cha mafundi wote wa Rugerero wakiwekwa pamoja, na sababu anayo. Gari likipita tu barabarani atakwambia shokapu ya nyuma kushoto imekufa, na ukiangalia imekufa kweli. Jambo moja watu hawakulijua: pua yake haisikii harufu. Tangu homa ile ya miaka mitatu iliyopita, nikiunguza maharage anayala na kuyasifu.

Aliniapisha nisimwambie mtu. "Fundi hasikie petroli, nani atamuachia voiture, gari yake?" Nikanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, nami nilikuwa msaidizi wake wa kuficha.

Jumanne Connie alileta kombi yake kuukuu, ile yenye kitanda na jiko la gesi, anayowakodishia watalii. Connie alikulia Uganda na hana subira. "Fundi, please, wageni wangu wanafika saa nane. Gari likiruka hivi watatapika njia nzima." Shokapu zote nne zilikuwa zimekwisha.

Kufikia saa sita tatu zilikuwa mpya. Ya nne, nyuma kulia, nati yake ya juu ikagoma kwa kutu. Valens aliimwagia mafuta, akaning'inia kwenye spana, akachukua nyundo. Nyundo ikateleza ikagonga kitu chini ya sakafu. Akatukana kidogo, akaendelea. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu ya chai kando ya gereji, nikiwahudumia waendesha pikipiki watatu, na Connie alikuwa ng'ambo ya barabara akiwabembeleza wageni kwa simu.

Mwishowe Valens akaburuta bomba lake la moto. Nati ikimgomea, huichoma mpaka iwe nyekundu, na hajawahi kushindwa.

"Hii iko sawa na Hiace," akasema akiingia tena chini ya gari.

Haikuwa sawa hata kidogo. Hiace ya abiria haipiki chai! Chini ya sakafu ya kombi ile ulipita mpira wa gesi, kutoka kwenye mtungi hadi kwenye jiko, na ndio uliopigwa nyundo.

Nikampelekea chupa ya chai. Nilipoinama kumpa, harufu ikanipiga usoni.

"Valens, usiwashe! Iko gazi!"

"Gazi gani? Mi sisikie kitu."

Utasikiaje, mpumbavu wangu? Kijiti cha kiberiti kilikuwa tayari vidoleni mwake. Wale watatu pale mezani walikuwa wamegeuka kututazama. Nilijua nikilisema neno lile mbele yao, jioni mji mzima utakuwa nalo, na ufundi wake ndio mkate wetu. Nilijua pia ni nini kitatokea nisipolisema.

"Hauna pua, Valens! Miaka tatu hauna pua!"

Akanitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona machoni pake, akakiinua kijiti. Nikafungua chupa, nikamwagia chai yote mikononi, na kiberiti chake pamoja. Akapiga yowe akakiangusha.

Ndipo yeye mwenyewe akaisikia kwa masikio: gesi ikivuja, sss, taratibu, juu ya kichwa chake.

Connie alikuja mbio akafunga mtungi. Valens aliikata ile nati kwa msumeno, kwa mikono iliyobabuka, mpaka saa kumi. Wageni walisubiri. Usiku ule hakunisemesha, nami nililia kwa hofu na kwa aibu, kwa sababu nilikuwa nimemvua nguo hadharani.

Kesho yake sikutarajia mteja. Lakini Hirwa, mmoja wa wale waendesha pikipiki, akaja na pikipiki yake, chuma kimekatika karibu na tangi na kinataka kuchomelewa. Wenzake walikuwa mezani kwangu. Valens, vidole vimefungwa kitambaa, akachukua bomba la moto, akatoa kiberiti. Akasimama. Akaitazama ile pikipiki, akawatazama wale mezani, kisha akaniita kwa jina la mwanetu, kwa sauti ambayo hata ng'ambo ya barabara waliisikia:

"Mama Ikirezi! Kuya uninusie hapa."

Nikaenda, nikainama, nikanusa.

"Iko petroli," nikamwambia.

Akarudisha kiberiti mfukoni.