Kichwa cha Cindy Hakinyolewi

Ayuma husuka nywele katika chumba kidogo kando ya barabara, mtaani Amalemba, mjini Kakamega. Wateja humpenda kwa mkono wake mwepesi na humwogopa kwa ulimi wake. Alasiri moja bintiye Cindy, wa darasa la tatu, aliingia saluni akilia, mkoba mgongoni, akasema mbele ya watu, "Mama, mwalimu amesema niko na chawa. Nisirudi mpaka ninyolewe."

Mteja aliyekuwa kitini alikuwa amesukwa upande mmoja tu. Quinter, msusi mwenzake aliyekodi naye chumba hicho, alikimbia kufunga mlango.

Ayuma alimvuta mtoto dirishani, akamfungua mstari mmoja wa nywele. Nyuma ya sikio, karibu na ngozi, aliyaona: mayai madogo meupe, madogo kuliko ufuta, kila moja limeng'ang'ania unywele wake. Alijaribu kupangusa moja kwa kidole. Mba ungeanguka. Hili halikutikisika.

"Ni chawa kweli," alisema.

"Punguza sauti, dada!" Quinter alinong'ona. "Watu watasema ni saluni yetu inaleta. Mpeleke kwa kinyozi hapo nyuma, yaishe."

Lilikuwa shauri la maana. Wembe ungemaliza kazi yote kabla chai haijapoa. Lakini Cindy aliposikia kinyozi akitajwa, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama, usininyoe. Nani amekufa?"

Hezekiah, mumewe, alizikwa kwao Malinya Cindy akiwa bado mdogo, na baada ya mazishi watu wa boma walinyolewa kama ilivyo desturi. Mtoto alikaa kwenye nyasi akitazama nywele zake zikianguka pamoja na za binamu zake. Zilizoota baada ya hapo, Ayuma alizilea mwenyewe, kila Jumapili jioni, mafuta na kitana mkononi.

"Hakuna aliyekufa," alisema. "Na hakuna atakayekunyoa."

Mteja wa kitini alisimama, akajifunga leso juu ya kichwa chake cha nusu nusu, akaondoka bila kuaga. Ayuma alimtazama akienda. Kisha alifungua mlango wazi kabisa, akaburuta benchi mpaka barazani, kwenye jua.

"Ayuma, si huko nje!" Quinter alimsihi.

"Mayai haya hayaonekani gizani. Na mtoto wangu hakuiba kitu cha mtu, nimfiche kwa nini?"

Alinunua dawa kwenye duka la dawa, akaipaka na kuiosha alivyoelezwa. Chawa walikufa. Mayai yalibaki palepale. Basi akazilowesha nywele kwa kondishina mpaka zikateleza, akazigawa vifungu vidogo, akapitisha kichanuo chenye meno yaliyobanana kutoka shinani hadi nchani, akikifuta kwenye kitambaa cheupe kila mara. Yaliyoponyoka kichanuo aliyabana kwa kucha mbili na kuyavuta moja moja.

Wapita njia walipunguza mwendo kutazama. Makhanu, mwendesha bodaboda, alipaza sauti kutoka ng'ambo: "Mama Cindy, leo unachagua mchele?"

"Njoo nikuchague na wewe! Hiyo helmeti yako imevaliwa na vichwa vya Kakamega nzima!"

Watu waliangua kicheko. Makhanu aliivua helmeti, akaitazama ndani, akaiweka kwenye tangi la pikipiki, akaendesha bila kuivaa.

Habari zilifika Malinya upesi. Kesho yake mama mkwe wake, Navalayo, alishuka na kikapu, na ndani yake chupa ya mafuta ya taa.

"Mpake hii, umfunge na nailoni. Sisi ndivyo tulikuwa tunafanyanga."

"Mama, hiyo inachoma ngozi. Na ikishika moto je?"

"Basi nyoa. Nywele zinameanga."

"Zinamea, mama. Lakini kichwa hiki kilinyolewa kwa ajili ya Hezekiah. Yeye alistahili. Chawa hastahili."

Navalayo aliirudisha chupa kikapuni. Macho yake hayakuweza tena kuona vitu vidogo vile, lakini alikaa kwenye benchi, akamshika mjukuu wake mikono asijikune, akaanza kumsimulia utundu wa baba yake alipokuwa mtoto. Chupa ilirudi Malinya ilivyokuja.

Nywele zilipotakata, Ayuma alimsuka mistari iliyonyooka, akampeleka shule. Naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Wanjala, aliwapokea mlangoni.

"Mama Cindy, tulisema anyolewe."

"Shida ilikuwa chawa, mwalimu. Hayuko nao. Mwangalieni."

Mwalimu wa darasa aliitwa. Alipekua mstari kwa mstari, kisha akasimama kisogoni. "Yai hili hapa."

Ayuma alisogea, akalibana, akalivuta mpaka likatoka, akaliweka kwenye ukucha walione wote.

"Asante, mwalimu. Hilo lilinipita. Ukiona lingine niite, nitakuja hata kama niko na mteja. Lakini wembe haupiti hapa."

"Wenzake wamenyolewa," Bwana Wanjala alisema. "Sheria ni ya wote."

"Na wao waliulizwa?"

Kengele ililia, watoto wakaanza kuwakodolea macho. Bwana Wanjala alisema, kwa kuchoka zaidi kuliko kukubali, kwamba mtoto aingie, lakini atakaguliwa kila asubuhi, na akionekana na chawa hai atarudi nyumbani. Ayuma alikubali.

Aliitwa kweli, zaidi ya mara moja, na kila mara aliacha kichwa cha mteja katikati akaenda. Juma lililofuata alirudia dawa, kwa maana yai lililofichika huanguliwa. Hatimaye mwalimu alitafuta na kukosa. Mvulana mmoja darasani alikuwa bado anamwita Cindy "Kachawa".

"Walihama," Cindy alimwambia. "Angalia kwako."

Quinter alihamisha vitu vyake akaenda kusukia karibu na soko. Hawakugombana, ila aliogopa. Wateja wengine walimfuata, na Ayuma hakumpigia simu hata mmoja.

Siku hizi kila anayeketi kwenye kiti chake hukaguliwa kwanza dirishani. Juzi alikuja mama mmoja, mkubwa wa ofisi fulani ya serikali, akaruka aliposhikwa kisogo.

"Unanikagua mimi?"

"Nakukagua. Wangu nilimkagua barabara nzima ikitazama."

Yule mama aliutazama mlango, uliokuwa wazi. Kisha akavua kitambaa chake, akainamisha kichwa.