Siku Ambazo Mitumbwi Haikuingia Majini

Mchango wangu wa kwanza ulikuwa neno moja. Jukwaa lile la mtandaoni la watafiti wa maziwa na samaki wake liko wazi kwa kila mtu: unaona takwimu, unaona programu inayozichambua, na ukikuta kosa unatuma marekebisho, kisha mhakiki anayapitia kabla hayajapokelewa. Katika maelezo ya wageni nilikuta neno lililoandikwa mara mbili. Nikafuta moja, nikatuma. Kesho yake, nikiwa nyuma ya soko la Kashikishi, mji wetu wa kando ya ziwa, ambako mtandao unashika, nikasoma kwamba marekebisho yangu yamepokelewa. Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyechapisha riwaya.

Baba aliniuliza jambo moja tu: kama wale watu wangelitaka daftari lake.

Tangu tulipovuka ziwa kutoka Kongo, baba aliandika kila asubuhi kina cha maji kwenye kigingi alichokisimika majini, na vikapu vya samaki ambavyo yeye na wenzake walileta pwani. Sasa kifua kilikuwa kimemlaza kitandani. Aliniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Mama," alisema, "nataka nione inaingia, kabla nikufe."

Nilinakili kwa wiki mbili, nimekaa kando ya shangazi akigeuza chisense, dagaa wetu, kwenye mchanga wa kuanikia. Alinicheka. "Bazungu banataka kujua samaki ya mwaka ya jana? Ya leo haibatoshi?"

Daftari lilikuwa na mistari yenye tarehe peke yake, bila kitu mbele yake. Niliona aibu kwa niaba ya baba. Nikajaza sifuri kila penye pengo, nikatuma.

Mhakiki, ambaye nilimjua kwa herufi mbili tu, aliirudisha kazi siku ya nne. Aliuliza kwa upole: siku hizi za sifuri walivua wakakosa, au hawakuvua kabisa? Programu ilikuwa inazisoma kama siku ambazo ziwa lilikuwa tupu.

Nilimsomea baba. 

"Nani alikuambia zero? Zero ni kusema tuliingia mu maji na ziwa ikatunyima. Ile ni bongo, ni uongo, mama. Siku ya kilio hakuna mutu anavua."

Nilikuwa nalijua hilo tangu utoto. Kukiwa na maziko upande wetu, mitumbwi yote hulala mchangani, makasia yakiwa ndani, hata ya mtu asiyemjua marehemu. Nililijua, ila mbele ya jedwali lile nililisahau.

Tukaanza kurekebisha pengo moja moja. Mimi nilisoma tarehe, yeye alitaja aliyezikwa: mapacha wa jirani, kijana wa kijiji cha Mununga aliyeletwa na maji, bibi aliyekuwa akituuzia chumvi. Tulipofika kwenye mistari minne iliyofuatana aliomba maji ya kunywa. "Hiyo unajua," alisema. Nilijua. Alikuwa mama yangu.

Pumzi yake ilitosha mapengo mawili kwa siku, baadaye moja. Yalikuwa yamebaki sita alipofariki, asubuhi, kikombe chake cha chai kikiwa bado na joto. Hayo sita hakuna tena anayeyajua.

Siku ya kumzika nilipita pwani. Mitumbwi ilikuwa imepangwa juu ya mchanga, na wa kwake pia. Nilifungua daftari, nikaandika tarehe, nikalifunga.

Matanga yalipokwisha nilituma upya. Kwenye yale sita niliandika kwamba sababu haijulikani. Mhakiki alishukuru, akasema kila kitu kiko sawa isipokuwa mstari wa mwisho: una tarehe tu, hauna maelezo. Je, siku ile walivua?

Nilisimama nyuma ya soko, wanawake wakinipita na mabeseni ya samaki kichwani. Siku tatu mfululizo nilikwenda pale na kurudi kabla sijaweza kujibu. Kisha nikaandika: kilio.

Kesho yake daftari likapokelewa.