Kikwembe cha Mama

Juzi, pale gare ya Kamina, mwanamke alishuka kwenye treni na kitunga cha samaki wa Bukama waliokaushwa kwa moshi. Harufu ile ya moshi ikanirudisha kwenye ua wetu, nikiwa bado mtoto mdogo.

Mama yangu alikuwa amelazwa hospitali siku nyingi, hata sura yake ilianza kunipotea. Alasiri moja baba alirudi peke yake, akaniambia mama amekufa.

"Mama gani?" nikamuuliza, maana dada zake wote niliwaita mama. Baba akageuza uso.

Ndipo mama mudogo akafika kutoka Bukama, ananukia samaki. Bibi zangu wakamfunga kikwembe cha mama, kile cha maua mekundu, wakaniketisha mapajani pake.

"Mama?" nikamjaribu.

"Niko hapa, mutoto wangu. Minyi njo mama yako."

Sauti ilikuwa ileile. Nikatulia: kumbe amekufa mwingine. Nikaomba samaki. Akanitolea miiba huku machozi yanamdondoka, nami nikadhani ni moshi wa jikoni.

Leo najua aliyekufa alikuwa dada yake wa tumbo moja. Alikuwa bado hajapata nafasi ya kumlilia, na tayari ananiitikia mimi.